Msichana Aliyehesabu Shuka

Wacha nikuambie kitu iliniacha mdomo wazi. Huku kwetu Giakanja kuna mbio ya baiskeli hupita kila mwaka, na wageni hulala kwetu, maana hoteli za Nyeri mjini zinajaa. Watoto wangu walishaenda kwao, basi nikaweka vitanda kwa vyumba yao. Hiyo ndiyo hunilisha. Sasa tukasikia ati mbio itapelekwa Nanyuki, kama haitaonekana imesaidia watu wa hapa.

Kaunti ikatuma msichana atuulize. Ni mtu wa Kakamega, mpole, ameshika tableti.

"Shosho, ulilaza wageni wangapi?"

"Walikuwa tu, mami."

"Wangapi?"

"Wachache."

Jirani yangu naye akasema hakuona mtu, na kwake walilala mpaka jikoni. Msichana karibu alie. "Nikiandika hivyo, si mbio imeenda?"

Nikaona heri nimwambie. Sisi wazee wa huku hatuhesabu watu, wala mbuzi. Ukihesabu ni kama unaita kifo ije ipunguze. Nilijua tunajimaliza, lakini mdomo ilikataa.

Nilidhani atacheka. Akaangalia nje, kwa kamba ya nguo. "Na shuka je? Ulifua ngapi walipoenda?"

Ai, shuka nilimhesabia zote, nikaongeza na soksi walisahau. Jirani akasema, "Mimi niandikie vikombe. Na zile walivunja."

Msichana akanigeukia. "Kuna shuka ungefua hata kama mbio haingekuwa?"

Nikafikiria. Mtoto wa dada yangu alikuwa amekuja mambo ya mahari. Msichana akatoa shuka yake kwa hesabu. Yaani mtu angekuja tu hata bila mbio, huyo si wa mbio! Mimi hiyo singeifikiria hata nife.

Akauliza tena maziwa tulitoa wapi, viazi wapi, akaenda kuuliza huko pia. Aliporudi alituonyesha ramani, mlima katikati, na vitone vinawaka. Hii ni nyumba yangu. Hii ni mama wa viazi, soko ya Karatina. Na kule mbali Endarasha, mwenye ng'ombe. Mgeni amekunywa chai kwangu, na mtu wa Endarasha, sijawahi hata kumwona, amepata pesa ya maziwa. Nilishika hiyo tableti kama mtoto mchanga.

Mbio ikaachwa kwetu. Jirani akaniambia, "Sasa huyo wa Endarasha atuletee ndama."

Anangoja mpaka leo.