Fulana za Kipembe Chekundu

Bi Immacolata, fundi cherehani wa mtaa wetu hapa Napoli, hakukubali kabisa kwamba Sabatino, mtoto wa kaka yake, alikuwa anashindwa tenisi kwa uvivu. "Wanamtupia jicho baya!" alifoka. Basi akamshonea kipembe chekundu cha kinga kwenye kifua cha fulana yake nyeupe. Sabatino akashinda, watu wakaitamani fulana, naye akafungua duka la fulana za kipembe.

Mwezi mzima hakuuza hata moja. Watu walizishika, wakazisifu, wakazirudisha.

"Shangazi, nimekwisha!"

"Zezeta wewe, umezaliwa wapi? Pembe ya kujinunulia mwenyewe itamkinga nani? Pembe unapewa na mtu!"

Akasimama mlangoni, akawapanga wateja wawili wawili, kila mmoja amnunulie mwenzake. Kufika jioni duka lilikuwa tupu.

Mimi, kwa ukorofi wake, alinipanga na mama mkwe wangu. Nilimchagulia fulana iliyomkaa vizuri. Yeye akaniletea ya mtoto wa chekechea, akanibusu mashavu yote mawili.

"Jibane humohumo, mwanangu," akasema. "Maana mimi kukutupia jicho siachi."