Namna ya Kusimama Mbele ya Mama Mkwe

Niliondoka Mbeya kwenda kujitambulisha ukweni, Kihesa mjini Iringa, na kilichonitia hofu si mahari wala maswali ya wazee. Mimi ni mpiga picha. Nikishika kamera natanua miguu, nabinua makalio, natoa ulimi, na picha ikikataa kabisa nalala chini palepale, iwe harusini au stendi. Watu hucheka, nami nimezoea. Ila mchumba wangu Neema alinionya kwenye simu: "Kamera uje nayo, wameiulizia. Lakini ukilala chini mbele ya mama yangu, hakuna ndoa."

Rujewa nilishuka kumchukua baba mdogo, ambaye ndiye angenisemea. Nilimkuta kwenye mashine ya kukoboa mpunga. Nikajaribu kumpiga picha nikiwa nimesimama wima, miguu pamoja, kama mtu aliye kwenye gwaride. Akaitazama.

"Mwanangu, umepiga magunia au umenipiga mimi?"

Nikacheka, nikairudisha kamera begini. Kuanzia hapo hadi Mafinga sikupata hata lepe la usingizi ndani ya basi, na yeye akikoroma.

Kihesa tulifika mchana. "Kamwene," tukasalimu kwa Kihehe. "Kamwene," wakaitikia, wakatukaribisha vizuri. Mama Neema peke yake hakutabasamu. Kila aliponisemesha aliniita mgeni.

Baada ya chakula akasema, "Mgeni, mpigie picha bibi yake Neema. Hana hata moja inayoonyesha uso."

Bibi alipoletwa uani nikaelewa. Mgongo ulikuwa umepinda kabisa, uso ukitazama ardhi, na kumwinua kulimuumiza. Niliposimama nikapata kilemba tu. Nikapiga goti, nikapata kilemba na pua. Jasho likanitoka. Neema alikuwa akinikazia macho.

"Mjukuu, basi," bibi akasema taratibu. "Wote hushindwa."

Neno lile lilinichoma. Nikalala chali vumbini, kichwa karibu na miguu yake. Bibi akaniona, akacheka fizi zote nje. Nikabonyeza.

Mama Neema akainuka, akaingia ndani. Baba mdogo akashika kichwa. Nami nikabaki pale chini, nikijua nimejiharibia.

Mama akatoka na mkeka.

"Inuka kidogo, baba. Mkwe wangu halali kwenye vumbi."

Kesho yake, tukirudi, Mama Neema alinipigia simu tukiwa Makambako. Nilidhani wamebadili mawazo.

"Mkwe, ile picha usiitengeneze. Hizo fizi ziache."

Nimejifunza kwamba heshima haina mkao mmoja. Kuna watu ambao ukitaka kuwatazama usoni, sharti uwe chini yao.