Mwalimu wa Udereva Aliyeshindwa Kuvuka Barabara

Mjini kwao, ilikuwa vigumu kumpata mtu anayejua kuendesha gari ambaye hakuwahi kupigiwa kelele na Mwalimu Breki. Jina lake halisi lilikuwa limebaki kwenye kitambulisho tu. Hili la Breki alibandikwa na wanafunzi, kwa sababu ndilo neno lililomtoka mdomoni mara nyingi kuliko salamu. Alifundisha akiwa kwenye kiti cha kushoto cha gari dogo jeupe, mguu wake juu ya breki ya pili, ile ya mwalimu, na macho yakiruka kutoka kioo hiki hadi kile. Watu wa kila aina walipita mikononi mwake: wauguzi, wauza mitumba, mahakimu, hata kijana mmoja aliyetaka leseni kabla ya harusi yake na akaja kuipata siku ambayo mkewe alijifungua mtoto wa pili.

Alipostaafu, ndipo ilipomjia kwamba yeye mwenyewe hakuwahi kufika popote. Wanafunzi wake walikuwa wamesambaa dunia nzima. Yeye alikuwa ameishia pale ambapo mwanafunzi hugeuza gari na kurudi.

"Watu wote hawa nimewatoa mimi," alimwambia mkewe siku moja, "mwenyewe nimebaki kwenye mapipa ya kufundishia rivasi."

Mkewe alikuwa fundi wa nguo za harusi, na wakati huo alikuwa na pini tano mdomoni. Akazitoa taratibu.

"Si uende."

"Twende wote basi."

"Msimu wa harusi huu? Niwaache mabibi harusi uchi? Nenda wewe, mume wangu. Na mimi nipumzike kidogo kuambiwa nipunguze mwendo kwenye cherehani."

Binti yao alikuwa akifanya kazi kwenye ofisi ya tiketi, kwa hiyo kazi ya kuchagua nchi ikawa yake. Akamtafutia babake nchi tulivu, ya hewa nzuri, yenye watu wasiowakunjia wageni uso. Akamweleza habari za lugha, za hela, za baridi ya asubuhi. Kitu kimoja tu alikisahau, pengine kwa kuwa katika familia ile ni yeye peke yake aliyekataa katakata kufundishwa gari na babake.

Mwalimu Breki alikigundua kitu hicho mara tu alipotoka uwanja wa ndege. Aliifuata teksi kwa mwendo wa mtu anayejua magari, akafungua mlango wa mbele wa kushoto, akajitupa kitini, na tumbo lake likagota kwenye usukani. Dereva wa teksi, jibaba lenye mashavu mekundu, alicheka mpaka akashika kiuno. Wakabadilishana viti. Gari likatoka, likaingia barabara kuu, likashika upande wa kulia, si kushoto kama kwao.

"Breki!" Mwalimu alipiga kelele.

Dereva akamtazama kwa upole, akamjibu kwa lugha yake neno lililosikika kama "karibu," akaongeza mwendo.

Safari ile ilikuwa mateso. Kila gari lililokuja mbele yao Mwalimu aliliona linakuja kumchukua yeye. Mguu wake ulikandamiza sakafu ya teksi mpaka msuli ukakaza. Walipofika kwenye nyumba ya wageni, shati lilikuwa limemganda mgongoni, na dereva, kwa huruma, akampa chupa yake ya maji.

Mwenye nyumba ya wageni alikuwa mama mnene mwenye miwani iliyoning'inia kifuani kwa mnyororo. Ujanani alikuwa ameishi kule Kiswahili kinakosemwa, na kingali kikimtoka kwa kuokoteza, neno moja hapa, jingine pale.

"Karibu, baba," alisema. "Chumba juu. Dirisha kubwa. Wewe lala, kesho tembea, mji wote."

Chumba kilikuwa safi, chenye kitanda cha mbao na shuka zilizonyooshwa kwa pasi. Asubuhi, Mwalimu alisimama dirishani na kuuona mji alioujia. Ng'ambo ya barabara kulikuwa na bustani yenye miti mirefu, nyuma yake mapaa ya soko, na mbali kidogo mto unaong'aa. Akanywa chai yake harakaharaka, akavaa kofia, akashuka.

Alifika ukingoni mwa barabara akafanya alichowafundisha maelfu ya watu. Akatazama kulia, kukawa kweupe. Akatia mguu. Honi ikalia kushoto, karibu na sikio lake, akaruka nyuma kama paka aliyemwagiwa maji. Akajaribu tena, sasa akitazama kushoto kwanza, lakini shingo yake ilikuwa na mazoea ya miaka mingi na ikageuka yenyewe kulia. Honi nyingine. Mwendesha baiskeli akamwambia jambo refu ambalo halikuhitaji mkalimani.

Miguu ikaota mizizi. Mwalimu Breki akaangalia huku na huku kama kuna aliyemwona, akajifanya anafunga kamba za viatu, ingawa viatu vyake havikuwa na kamba. Kisha akageuka na kufuata ukuta wa nyumba. Aliamua kuutembea mji bila kuvuka barabara hata moja.

Usifikiri haiwezekani. Ukifuata ukuta, ukakunja kona, ukakunja tena na tena, utajikuta mlangoni pako. Ndivyo alivyofanya siku ile nzima. Alipita duka la mikate, kwa fundi viatu, kwa kinyozi, kwa dobi na kwa muuza maua, kisha duka la mikate tena. Mzunguko wa kwanza watu walimwona mgeni. Mzunguko wa tatu muuza mikate alimpungia mkono. Jioni fundi viatu, mzee mwenye kidole gumba cheusi kwa rangi, alimsogezea kigoda bila kuulizwa, wakakaa wakitazama miguu ya wapita njia, kila mmoja akitikisa kichwa kwa visigino vilivyolika.

"Umeona nini?" mkewe aliuliza kwenye simu.

"Mikate," alisema Mwalimu. "Mizuri sana."

Siku ya pili akazunguka vilevile, ila kwa kuanzia kwa muuza maua, apate kuona mambo mapya. Kinyozi akamnyoa. Dobi akamwonyesha picha za wajukuu wake. Muuza maua alimchomekea ua kifuani, akazunguka nalo. Hakuwa na huzuni, lazima tuseme ukweli. Alianza hata kuipenda ile kona ya dobi yenye mvuke wa joto na harufu ya sabuni. Lakini kila alipofika upande wa bustani, alisimama ukingoni, akatazama miti ile mirefu, akameza mate.

"Baba, umeona soko?" mwenye nyumba alimuuliza wakati wa chakula cha jioni.

"Soko bado."

"Mto?"

"Mto nao bado."

"Bustani? Hapa, mbele?"

"Bustani nimeiona," alisema Mwalimu, akikoroga supu. "Kwa mbali."

Mama akavaa miwani yake, akamtazama, akaivua. "Wewe miguu mgonjwa?"

"Kidogo," alisema Mwalimu Breki. Angesema nini? Kwamba yeye, mwalimu wa udereva mzima, ameshindwa na kitu ambacho hata kuku wa kwao wanakiweza?

Siku ya tatu asubuhi alikuwa amesimama palepale ukingoni, mbele ya kivuko chenye mistari myeupe, alipohisi mkono ukipenya chini ya kwapa lake. Alikuwa bibi kizee mfupi, amevaa koti la rangi ya chungwa na viatu vyekundu vyenye visigino. Alimtabasamia, akasema neno, akamkaza mkono.

Mwalimu akashusha pumzi. Hatimaye kuna mwenyeji aliyeona shida yake na kuja kumvusha. Akainamisha kichwa kwa shukrani, akafumba macho, akamfuata. Walikwenda vizuri. Gari moja likapiga honi, jingine likafunga breki kwa kishindo, lakini bibi hakusita, na Mwalimu akasema moyoni kwamba huyu ni mwanamke jasiri kweli.

Walifika kwenye kisiwa chembamba cha zege katikati ya barabara. Wakasimama. Mwalimu akafumbua macho na kusubiri aongozwe. Bibi naye akasimama, amemwinulia uso, anasubiri. Magari yakapita mbele yao, yakapita nyuma yao. Mwalimu akamwonyesha bibi njia kwa kiganja, kwa adabu: tangulia. Bibi akatikisa kichwa, akaelekeza kidole kwenye macho yake mawili, akapunga mkono mbele ya uso wake. Haoni. Anaona ukungu tu.

Kumbe bibi alikuwa amemshika yeye ili avushwe! Wakati yeye amefumba macho, na mwenzake haoni, wamevuka nusu ya barabara ile kwa rehema za Mungu tu. Naye akaelekeza kidole kwenye kichwa chake mwenyewe, akakizungusha kidole kama mtu anayekoroga uji, kwamba humo kulia na kushoto vimevurugika, akapunga mkono vilevile. Bibi alisogeza uso karibu kabisa kutazama ishara ile. Alipoielewa, akaangua kicheko. Alicheka akiwa ameegemea nguzo ya taa, koti lake likitikisika. Mwalimu akajaribu kujizuia kwa heshima ya umri wake, akashindwa. Wakacheka wote wawili pale katikati, magari yakiwazunguka.

Lakini sasa mtu mmoja ilibidi aongoze, na mwenye macho alikuwa yeye. Mwalimu akapiga moyo konde. Akaachana na kulia na kushoto. Akafanya kitu ambacho mwili wake ulikijua bila kuuliza kichwa: akanyanyua kiganja juu, wima, kama anavyowasimamisha wanafunzi wakaidi uwanjani, akatumbua macho.

"Breki!" alinguruma.

Basi kubwa likasimama. Teksi iliyokuwa nyuma yake ikasimama. Pikipiki ikasimama. Mwalimu Breki, kiganja bado juu, akamvusha bibi polepole kama anamsindikiza bibi harusi, na dereva wa basi akamvulia kofia.

Ng'ambo, bibi hakumwachia mkono. Alimkokota moja kwa moja kupitia bustani mpaka kwenye jengo la matofali ambamo muziki ulikuwa unasikika. Ndani mlikuwa na ukumbi wa sakafu ya mbao, na wazee walikuwa wakicheza wawili wawili. Yaani tuseme bibi vizee, kwa kuwa wanaume walikuwa wanne tu na mmoja wao amesinzia. Mwalimu alipotokea mlangoni, wale kina mama walimtazama kama watu wa kiangazi wanaoliona wingu.

Hakupewa nafasi ya kukaa. Alianza kwa mguu usio wake, akamkanyaga bibi wa kwanza, akagongana na wa pili, na mwalimu wa ngoma, bwana mwembamba kama ufito, akampigia kelele neno lililokuwa wazi kabisa kwamba ni la kumtaka apunguze mwendo. Hapo Mwalimu Breki alijua maisha yamemlipa. Kwa wimbo wa nne miguu ikakubali. Ujanani alikuwa mchezaji hodari, na huyo mchezaji alikuwa bado yumo ndani. Mara ukumbi mzima ukawa unampigia makofi.

Jioni, baada ya kuvuka kurudi kwa kiganja kilekile, alimwambia mwenye nyumba ukweli wote. Mama alicheka mpaka miwani ikaingia ukungu, akamtoa nje hapohapo, akamsimamisha ukingoni na kumfundisha: "Kushoto, baba! Kushoto, kulia, kushoto! Polepole! Tena!" Wakavuka, wakarudi, wakavuka. Fundi viatu, muuza mikate na dobi walitoka milangoni kutazama, na kila alipofika salama walishangilia. Ndipo alipoelewa kwamba mtaa mzima ulikuwa umeijua shida yake tangu siku ya kwanza.

Kisha akampigia mkewe.

"Nimecheza muziki leo."

"Na nani?"

"Na bibi mmoja."

"Wa umri gani?"

"Mzee sana, mke wangu. Hata haoni vizuri."

"Ndiyo maana amekuchagua," alisema mkewe, na cherehani ikaendelea kulia.

Baada ya hapo, mji ulimfungukia. Aliliona soko, akaonja matunda asiyoyajua majina. Alitembea kando ya mto mpaka viatu vikamchubua, akarudi kwa fundi wake kuvitia soli. Mwisho wa wiki, lile kundi la wachezaji lilikodi basi kwenda ziwani, na bibi wa koti la chungwa alikuja mwenyewe kumchukua, ameshikwa mkono na mjukuu wake wa kike.

Ziwani walitandika mablanketi, wakala mayai ya kuchemsha na mikate, wakapiga soga. Mwalimu hakuelewa neno, lakini alicheka kila walipocheka, na mara mbili alicheka wa kwanza. Kisha kina mama wakavua viatu na kuingia majini, wakamwita. Akakunja suruali mpaka magotini, akaingia. Maji yalikuwa ya baridi kiasi cha kumtoa yowe. Samaki wadogo walimjia kwenye vidole, wakamtekenya, naye akasimama amewainamia kwa muda mrefu, hathubutu kutikisika asije akawafukuza. Dereva wa basi akapiga honi ya kwanza ya kuondoka, kisha ya pili. Mwalimu Breki alinyoosha mkono bila kugeuka, kumwashiria asubiri kidogo.