Wanyama wa Mzee Ausi

Nani alikudanganya kwamba mifupa ya Tendaguru ilichimbwa na Wazungu? Wazungu walisimama na kofia zao wakielekeza kwa fimbo. Waliochimba ni sisi. Walioibeba kichwani kutoka kilimani hadi bandarini Lindi ni sisi, tena miaka michache tu baada ya Vita vya Maji Maji, nchi ikiwa bado inanuka majivu na njaa. Ilikuwa mifupa ya wanyama waliozidi nyumba kwa ukubwa, wale ambao wasomi huwaita dinosaria. Ikapakiwa melini, ikaenda Ujerumani, ikasimamishwa katika jumba, na watoto wa kule wanaitazama hadi leo. Mtoto wa Lindi hajaiona. Mtoto wa Tanga hajapata hata kuisikia habari yake.

Isipokuwa mmoja. Sabiha binti Ausi, wa Makorora, mjini Tanga, aliwajua wanyama wale mmoja mmoja kabla hajajua kufunga kanga, kwa sababu baba yake aliwaumba upya kwa udongo.

Mzee Ausi Nalinga alikuwa Mmwera wa huko Lindi. Alipokuwa kijana mdogo, kazi yake Tendaguru ilikuwa kukanda udongo mwekundu wa kufunikia mifupa kabla haijafungwa kwa mianzi, isije ikavunjika njiani. Siku moja Mzungu mmoja mpenda kuchora alimwonyesha kwenye karatasi jinsi mnyama yule alivyokuwa alipokuwa hai: shingo kama mnazi ulioinama, miguu kama nguzo za msikiti, na kichwa kidogo cha kuchekesha. Uso wa Mzungu yule Ausi aliusahau. Picha hakuisahau. Vita vya Wajerumani na Waingereza vikamsomba kwa upagazi, mkonge ukamleta Tanga kuwa manamba, na mapenzi yakamfunga hapo. Alimwoa Mwanamkasi wa Kigombe, akaachana na mkonge, akawa fundi wa kukandika nyumba. Ukipita Makorora leo, kuta nyingi unazoziona zina alama za vidole vyake.

Udongo wa kichuguu uliobaki kazini alikuja nao nyumbani, na huo ndio uliogeuka wanyama. Shingo aliishika kwa kijiti cha mkoko ndani. Ngozi aliipata kwa ganda la fenesi: alilikandamiza taratibu juu ya udongo mbichi, na vile vijinundu vya ganda vikabaki mgongoni kwa mnyama kama magamba, hata ukimwangalia unahofia atapumua. Miiba ya yule mwenye miiba ilikuwa miiba ya mkonge. Macho yalikuwa mbegu za turituri, nyekundu zenye doa jeusi. Aliwahi kumchoma mmoja motoni ili awe mgumu, shingo ikapasuka, na Ausi akalia mbele ya mkewe bila haya. Tangu hapo aliwaanika kivulini, akawapaka mafuta ya mbarika mpaka wakang'aa.

Wengine aliwakusanya. Alipokwenda Amani, milimani Usambara, kukandika nyumba za wafanyakazi, Mzungu mmoja wa kule aliyesoma habari za vyura alimpa mnyama wa plasta aliyekatika mkia. Ausi akamtengenezea mkia mwingine. Mwingine, mdogo, wa risasi, alimpata kwa mchochea moto wa meli moja iliyotia nanga Tanga. Alimbadilisha kwa jogoo, na Mwanamkasi akanuna mpaka Idi.

Wote waliishi ndani ya kasha uvunguni mwa kitanda, wamezungushiwa sufi. Kila Ijumaa baada ya sala kasha lilivutwa nje. Ausi aliwapangusa vumbi kwa unyoya wa kuku, akawakagua kama kuna mchwa au ukungu wa chumvi. Sabiha aliwapa kila mmoja jina, na ndiye aliyepaka mafuta, kwa kuwa kidole chake kilipenya katikati ya miiba. Alikua, akaolewa na Shehe, karani wa bandarini, lakini Ijumaa hakuiacha.

"Baba, huyu wa miiba kaota ukungu kwapani. Humtazami?"

"Wewe ndiye uliyemtupa ukakimbilia kwa mume."

"Basi nimchukue nikakae naye ukewenza!"

"Mchukue. Huyu angalau haongei."

Mwanamkasi alikwisha kufariki wakati huo, na kicheko cha baba na binti ndicho kilichokuwa kimebaki katika nyumba ile.

Lakini Sabiha alikuwa na jeraha lake. Mimba mbili zilikuwa zimemtoka. Ilipoingia ya tatu ikakaa, alirudi kwa baba yake kuja kujifungua, na kutoka Kigombe akaja mama yake mkubwa, Bi Semeni, amtunze. Bi Semeni alikuwa kungwi. Alikuwa amewafunda wanawali wa Kigombe na vijiji vya Wabondei tangu ujana wake, na mdomo wake ulikuwa mkali kama kitumbuizo cha harusi.

Siku hiyo ya Ijumaa alikuwa uani akichambua mchicha, akainua macho. Akamwona Sabiha mkekani, tumbo limemjaa, anampaka mafuta ya mbarika mjusi wa udongo mwenye macho ya turituri.

Mchicha ukamwanguka.

"Sabiha, ingia ndani."

"Kuna nini, mama mkubwa?"

"Ingia ndani, mwanangu."

Sabiha alipoingia, Bi Semeni alimgeukia shemeji yake. "Nani kakufundisha vinyago?"

"Vinyago? Hawa ni wanyama, shemeji. Wa kwetu."

"Huko kwenu mnakokula panya?"

"Panya mtamu. Ungeonja, mdomo wako ungelainika."

Bi Semeni hakucheka, na hapo ndipo Ausi alipojua kwamba utani umekwisha. Kule kwao, alisema Bi Semeni, mwali anapofundwa, kungwi humfinyangia vinyago vya udongo: nyoka, kenge, mtu mume, mtu mke. Kila kimoja kina wimbo wake na somo lake. Haviingii motoni, hupakwa mafuta ya mbarika tu, maana kazi yake ni fupi. Somo likiisha, vinarudishwa majini viyeyuke. Kikilazwa ndani ya nyumba, kinabaki kinasubiri wimbo wake, na kwa kuukosa kinajilisha kwa matumbo ya wanawake wa nyumba hiyo.

"Udongo mbichi," alisema, akiwanyooshea kidole. "Mafuta ya mbarika. Macho ya turituri. Na wewe unaniambia mimi sivijui?"

"Vinafanana, sikatai. Lakini hawa waliishi kweli, shemeji. Mifupa yao nimeifunika kwa mikono yangu."

"Kumbe ni maiti! Unalaza maiti chini ya kitanda cha mja mzito?"

Ausi akacheka. Kicheko kile baadaye alikijutia kuliko neno lolote alilopata kulisema.

"Vitoe, shemeji," alisema Bi Semeni, sauti yake imeshuka. "Nakuomba kwa jina la marehemu mdogo wangu."

"Ningeamini, ningevitoa sasa hivi. Nikivitoa bila kuamini, nitakuwa nimemfundisha mwanangu uongo."

Neno lile lilikuwa la kweli, na mimi sijui ukweli mwingine uliowahi kumgharimu mtu kiasi kile. Mtoto alizaliwa alfajiri moja ya kaskazi, wa kiume. Alilia mara moja tu. Kabla ya adhuhuri alikuwa amekwisha rudi alikotoka, hata jina hajapewa. Ausi alimbeba mwenyewe kwenda makaburini, kifurushi chepesi kuliko tofali la udongo.

Matangani, katikati ya wanawake, Bi Semeni aliangua kilio: "Nilisema! Wallahi nilisema! Vinyago havilali ndani!" Hakuwa na nia mbaya. Alikuwa amempokea yule mtoto kwa viganja vyake. Lakini karibu naye alikuwa amekaa Bi Mastura, mama yake Shehe, mama ambaye tangu mimba ya kwanza alikuwa akimtafutia mwanawe sababu ya kumwacha Sabiha. Akauliza taratibu, "Vinyago gani, dada?"

Matanga yalipoanuliwa, Shehe akaja. Akavua kofia, akaishika mkononi.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Kaa."

Hakukaa. "Baba, mama anasema Sabiha harudi kwangu mpaka vile vitu vya kasha vitupwe majini, naye aone kwa macho yake."

"Na wewe unasemaje?"

"Mimi nampenda mke wangu."

"Sikukuuliza hilo."

Shehe akaizungusha kofia. "Vikitoka, Sabiha anarudi. Nimemwomba mama hivyo, na amekubali."

"Umesoma wewe," alisema Ausi, mishipa imemtoka shingoni. "Unaandika majina ya meli kwa Kiingereza. Wanyama hawa wako katika vitabu vya hao hao waliokusomesha. Ulaya wanajengewa majumba. Ni kwetu tu walikotoka ndiko wanakogeuka uchawi! Kamwambie mama yako situpi."

Akaingia ndani na hasira zake. Sabiha alikuwa amelala kauelekea ukuta. Kifua kilikuwa kimefungwa kitambaa kwa nguvu, maana maziwa yalikuwa yamekuja na hapakuwa na wa kuyanyonya, na kitambaa kilikuwa kimelowa.

"Baba."

"Naam, mama."

Kidole cha Sabiha kilikuwa kinafuata ufa mdogo ukutani.

"Na kama ni kweli?"

Ausi angeweza kubishana na Bi Semeni hadi kiyama. Angeweza kubishana na Bi Mastura, na Makorora nzima, na serikali ya Mwingereza. Lakini swali lile lilitoka kwa yule aliyewapa wanyama majina. Alisimama pale mlangoni, na ndani yake kitu kikakatika kama ile shingo motoni. Akasogea kitandani, akainama, akalivuta kasha.

Alasiri ile ile alituma habari kwa Bi Mastura, wakaenda kwenye mlango wa mto, mikokoni, maji yakiwa yamejaa. Bi Mastura alikuja na mwavuli, akasimama palipo pakavu. Shehe alisimama nyuma yake. Bi Semeni alibaki na Sabiha nyumbani.

Ausi aliingia majini mpaka mapajani. Wa kwanza alikuwa yule wa shingo ndefu. Alimzamisha, akasubiri ayeyuke kama udongo mwingine wowote. Hakuyeyuka. Maji yalimteleza mgongoni kama yanavyomteleza bata. Mafuta ya mbarika ya Ijumaa zote zile, kidole cha Sabiha kikipita juu ya kila gamba, yalikuwa yamemziba, lisipenye hata tone. Mnyama akabaki mikononi, anang'aa, macho mekundu yanamwangalia.

"Kinyago hakizami kwa kubembelezwa, mkwe," alisema Bi Mastura. "Kisukume."

Basi ikambidi awavunje. Aliwavunja shingo, akawaminya, akawakanda chini ya maji kwa vidole vile vile vilivyowafinyanga, mpaka magamba ya fenesi yakalainika na mto ukageuka rangi. Miiba ya mkonge ilimchoma viganjani. Kila mmoja alimtaja kwa jina aliloitwa na Sabiha, kwa sauti ya chini, na Bi Mastura aliposikia akarudi nyuma hatua, kwa kudhani ni maneno ya uganga. Wa plasta alikuwa mgumu, akamgonga kwenye shina la mkoko. Wa risasi alizama peke yake.

"Haya," alisema Bi Mastura, akikunja mwavuli. "Nimeona."

Shehe alimshika mkono mkwewe kumtoa matopeni. "Kesho, baba," alimnong'oneza. "Kesho asubuhi."

Kesho yake asubuhi Sabiha aliamka kabla ya baba yake. Ausi alimkuta kibarazani ameoga, kavaa kanga mpya, kajipaka wanja, nywele kasukwa na Bi Semeni. Hakuwa na raha, lakini alikuwa amekaa wima, kitu ambacho Ausi hakuwa amekiona tangu siku ya mazishi. Akamletea uji. Sabiha akanywa wote.

Mkokoteni ukasikika ukija mtaani. "Wamekuja kukubebea vitu," alisema Ausi, na akasimama akaweka shati sawa.

Ulipokata kona, waliona kwamba haukuwa mtupu. Juu yake kulikuwa na sanduku la Sabiha, godoro lake, masufuria, kinu na mchi wake. Pembeni alitembea mzee Uweso, baba mdogo wake Shehe, anatazama chini. Shehe hakuwapo.

"Uweso, hii nini?"

"Nisamehe, bwana mkwe. Mimi nimetumwa." Alimeza mate. "Bi Mastura alikuwa na shaka tu. Jana shaka imeondoka. Anasema mtu hatupi kitu kisicho chake, wala hakiiti kwa jina. Ulipovitupa, umekiri uchawi. Anasema haozi mwanawe katika nyumba iliyokiri." Akashusha sauti zaidi. "Shehe ametamka. Talaka moja, mbele yangu na mwenzangu. Alikuwa analia."

Bi Semeni alikuwa ametokeza mlangoni. Aliposikia, akashika mdomo kwa mikono miwili, akakaa chini palepale kwenye kizingiti.

Viganja vya Ausi vilivyovimba kwa miiba vilikuwa vimening'inia tu. Alitaka kwenda kuufikia mkokoteni, lakini Sabiha alimpita. Akainua mkono kidogo kumzuia, bila kumtazama. Akafungua kamba, fundo moja baada ya jingine. Akakumbatia kinu, kizito kuliko yeye, akakiteremsha mwenyewe, akakiburura mpaka ukutani kwa baba yake, akakisimamisha. Kisha akarudi kuuchukua mchi.