Marehemu Masunga na Kengele za Friji

Ukisema naongopa, shauri yako. Nilimwona mchana kweupe, hapa hapa Bariadi, na hadi leo namdharau.

Masunga alikuwa fundi wa mitambo ofisini kwetu kabla yangu. Friji za chanjo kwenye zahanati zina vipimajoto vinavyotuma taarifa kwenye wingu, yaani seva za kukodi mtandaoni. Friji ikipata joto, kengele inalia kwenye simu ya nesi na ofisini kwetu. Mipangilio yote imeandikwa kwenye faili moja, na kuna programu inayolisoma kila mara na kufuta chochote ulichobadilisha kwa mkono. Masunga hakulielewa hilo maisha yake yote. Anaingia mtandaoni, anazima kengele kwa sababu zinamkera, programu inaziwasha, anazima tena. Mtu mzima na cheti chake. Tukamzika kwao Mkula.

Ijumaa moja nimetoka kula, nikakuta mtu kwenye kiti changu. "Mwadila," akanisalimu kwa Kisukuma. Sasa mimi, kwa malezi yetu, naachaje salamu? Nikaitika kabla sijaona zile pamba za maiti puani. Niamini, nilirudi nyuma hadi mlangoni. Lakini nilipoona anachofanya, woga ukageuka hasira. Alikuwa anazima kengele ya zahanati moja upande wa Bukundi. Ikajiwasha. Akazima. Hata kaburi halikumfundisha kitu?

"Masunga, badilisha faili," nikamwambia.

"Faili lina mlolongo wa vibali, kaka. Wewe izime tu hiyo programu."

Nikakataa. Akatoweka huku ananung'unika, na kwa kuwa nilimwitikia, na maiti ukimwitikia hakuachi, akawa anakuja kila mchana. Nikamzoea, kama unavyomzoea mbuzi wa jirani.

Halafu nikaenda likizo. Jamaa wa Dar aliyenishikia nafasi, bingwa wa kujisifu, akaizima programu. Nilipomuuliza, akasema kuna mfanyakazi mmoja mpole alimwonyesha pa kuzimia. Na pamba puani? Alidhani ana mafua.

Safari hii kengele aliyoizima Masunga haikujiwasha; friji ya kule Bukundi ikapata joto na hakuna kilicholia. Nesi Kabula alimwaga chanjo zote, akawarudisha kina mama waliotembea na watoto tangu alfajiri. Surua ikaingia kijijini kabla chanjo nyingine hazijafika. Tulizika.

Masunga bado anakuja. Jana aliniuliza kama sijafurahia ule ukimya. Nilitamani afe tena.

Kwa hiyo ukiona mtu kazini kwenu anazima kengele kwa sababu inamkera, mtoe kwenye kiti hicho angali hai. Akishakufa, hatoki.