Nilivyowagawia madereva wa papa zamu kwa kompyuta, siku ya kwanza gari likagoma

Wakuu, salamu kutoka Goma. Bado niko masomoni, na nikiongeza chumvi hapa mwalimu wa hesabu anipe sifuri. (Ananipaga tu, lakini mnielewe.)

Papa, yaani baba yangu, ana minibus mbili, zinafanya laini ya Keshero–Kanyaruchinya. Madereva ni watatu: Papa Safari, Petit (ana miaka hamsini, msiniulize) na Mama Furaha.

Wote walitaka asubuhi. Kila siku kelele. Papa akachoka.

"Mwisho wa mwezi nabakisha wawili. Mama Furaha njo alikuya wa mwisho, njo atatoka." (Njo ni "ndiyo" yetu ya Goma.)

Mama Furaha ana watoto wanne, na ndiye pekee anayenipa kiti cha mbele. Nikamwomba papa anipe nafasi kidogo.

Nikadownload app ya bure ya kupanga zamu. Unaingiza safari zote, unaonyesha pa kupokezana usukani, yenyewe inakata kazi ya siku vipande vitatu. Rangi tupu! Nikabandika karatasi ukutani kama waziri.

Siku ya kwanza, saa nne, gari limejaa Kanyaruchinya, makaa juu. Zamu ya Mama Furaha imeisha, anangoja Papa Safari ampokee. Papa Safari yuko Murara, anakula maharage, anangoja gari limfikie.

Mama mmoja wa makabichi akalipuka: "Gari njo hii, shofere njo huyu amekaa. Tunangoja nini, askofu akuye kubariki?"

"Karatasi ya patron inasema nimemaliza," Mama Furaha akajibu. "Nikigusa usukani, kesho niko nyumbani."

Papa akanipigia simu nikiwa recreation, mapumziko ya shule: "Weye! Ile mashini yako itakuya kuendesha?"

Kosa langu, wakuu. Niliweka kupokezana mwisho wa laini, kwenye ramani palipendeza. Kumbe wote watatu wanaishi na kula Murara, katikati ya njia!

Nikatoka shule mbio hadi kwenye maharage yao.

"Mutoto, zamu katia hapa Murara," Mama Furaha akasema. "Na mie unipe alfajiri, siogopi baridi."

Petit akakiri anataka asubuhi sababu ya kwaya ya jioni, Jumatano na Ijumaa tu. Siku zingine jioni sawa. Hakuna aliyewahi kumuuliza!

Nikaingiza upya. Wiki mbili, kelele sifuri.

Mwisho wa mwezi papa akasimama mbele ya karatasi.

"Hii ya mwezi huu imeisha," akasema. "Toa karatasi ya mwezi unaokuya. Watatu."

Funzo: kabla ya kuuliza kompyuta, uliza mutu anakula wapi.

Wenye magari huko kwenu, madereva wanapokezana wapi? Semeni. Matusi pia napokea.