Kigelegele Nilichopiga Msibani

Watu wa Katindiuka wakinipita bado wananiamkia vizuri, shikamoo bibi, lakini najua wakishakata kona wanaanza kusimulia, basi afadhali nisimulie mwenyewe aibu yangu kabla hawajazidi kuiongezea chumvi (wanasema nilicheza mpaka khanga ikanivuka, si kweli, ilidondoka ya kichwani tu).

Mjukuu wangu Festo nimemlea tangu binti yangu Bernadeta alipofariki, na alipopata nafasi ya kujifunza kurusha helikopta nilitamba sokoni Ifakara mpaka wauza mchele wakanichoka. Alikwenda pamoja na rafiki yake Baraka, mtoto wa Theresia wa kule Mngeta. Walisoma wote sekondari, na Baraka alikuwa hakosi kulala kwangu, tena ndiye aliyekuwa akigombea ukoko wa wali.

Siku hiyo asubuhi napepeta mchele, akaja Adela, binti wa jirani, simu mkononi, uso umemshuka.

"Bibi, helikopta ya wanafunzi imeanguka mazoezini. Mwanafunzi mmoja amefariki, wengine wako hospitali. Jina hawajataja. Ngoja nimpigie Festo."

Akapiga, haipatikani. Akasema, "Ngoja bibi, nijaribu kwa Baraka," na mtu mwenye akili angengoja, lakini mimi niliona kungoja ni kumdharau marehemu, nikatupa ungo, nikashika kichwa, nikapiga yowe.

Sasa kwetu ukishapiga yowe hakuna anayekuuliza kama una hakika, watu wanakuja tu. Jirani yangu Kaspari akatoa makochi nje, Mama Kulwa akaja na kuni kichwani, vijana wa Mzee Ligoha wakafunga turubai, akina mama wa jumuiya wakaanza rozari, na mimi mwenyewe nikamtoa mbuzi niliyekuwa namfuga kwa sherehe ya Festo kumaliza mafunzo, akachinjwa. Nikalia kwa maneno, Festo wangu hujawahi kunijibu vibaya hata siku moja (uongo mtupu, ananijibu kila siku).

Jioni akashuka Theresia kutoka basi la Mngeta, vumbi mpaka kwenye kope. Alikuwa amesikia Festo amekufa, na habari hiyo ilitoka kinywani mwangu, haikutoka pengine. Akaketi mkekani, akakilaza kichwa changu mapajani kwake.

"Pole mama. Lia tu, lia."

"Na Baraka anasemaje?"

"Simu yake haipatikani. Anahangaika na mwenzake, hawezi kumwacha peke yake."

Hapo hapo Adela akaja mbio, ameweka spika, na tukasikia wote.

"Bibi, shikamoo."

"Marahaba. Nani wewe?"

"Festo, bibi. Niko hospitali, nimevunjika mguu. Nimeazima simu ya nesi."

Jamani, nilinyanyuka kama msichana, nikapiga kigelegele, akina mama wakakidaka, nikacheza katikati ya mikeka, Kaspari akapaza sauti, "Haya, mbuzi amerudi kuwa wa sherehe!" na watu wakacheka huku wanajifuta machozi. Festo alikuwa anaita tu, bibi, bibi, nyamaza kwanza, nisikilize. Niliponyamaza akasema walikuwa kwenye zoezi la kushuka huku injini imepunguzwa, wanafunzi wote hulipitia, wakagonga ardhi vibaya. Mwalimu wao ameumia.

"Baraka ametutoka, bibi. Mtafuteni mama yake, asije akasikia kwa watu."

Mama Kulwa alikuwa kule jikoni, hakusikia, kigelegele chake kikaendelea peke yake mpaka mtu akaenda kumshika mkono.

Theresia alikuwa ameketi vilevile nilivyomwacha, miguu ameinyoosha, khanga yake ina maji ya machozi yangu. Hakupiga yowe. Akaniuliza taratibu, kama mtu anayeuliza njia:

"Mama, amesema nani?"

Watu wote wakaangalia chini. Wa kulitaja jina nikabaki mimi, niliyekuwa nacheza mbele yake. Nikakaa, nikamvuta kichwa nikakilaza mapajani kwangu.

"Baraka, mwanangu."

Ndipo akalia.

Kaspari akaanza kufungua kamba za turubai, kwamba tuhamie Mngeta, kwenye msiba wenyewe. Theresia akanyanyua mkono. "Acha baba, tutaondoka kesho. Leo mmeshakaa." Basi tukakaa. Akina mama wakaendelea na rozari pale walipoikatia, jina tu ndilo lililobadilika, na yule mbuzi wakamla waombolezaji wa Baraka.

Festo amepona, anachechemea kidogo, amerudi kwenye mafunzo na hataki nimwambie aache. Theresia akija Ifakara kuuza mchele hulala kwangu, hajanikumbusha jambo lile hata mara moja, na angenitukana ningepumua.

Yowe silipigi tena mpaka nisikie jina, hilo nimeweza. Kigelegele ndicho kigumu. Jambo jema likinifikia, hata kubwa namna gani, nageuka kwanza kumtazama aliyekaa ubavuni kwangu, na mara nyingi nikishamtazama nanyamaza.